Shukrani ya Kumkalisha Shangazi

Kanisani kwetu Mjambere, mtu akipona ugonjwa mkubwa hupewa kipaza sauti Jumapili moja. Hatakiwi kuhubiri wala kuimba. Kazi yake ni kutaja majina. Kila anayetajwa anasimama pale alipo, na anabaki amesimama mpaka jina la mwisho. Kisha Mchungaji anawaombea wote waliosimama, kwa kuwa Mungu alimshika mgonjwa kwa mikono yao. Hiyo ndiyo ibada yetu ya shukrani. Nimeona wanaume wazima wakilia kwa kutajwa tu. Nimeona pia anavyokaa mtu asiyetajwa, jinsi anavyotazama viatu vyake, ingawa hilo halizungumzwi.

Mwaka mzima nilioumwa saratani ya titi niliifikiria Jumapili yangu. Waliokuwa wasimame hawakunishughulisha sana. Kulikuwa na mtu mmoja niliyetaka akae.

Naandika kwa ajili yako uliyeambiwa juzi kwamba una kile nilichokuwa nacho. Utaambiwa ushukuru. Utaambiwa na watu wengi, na wengine hawatakuletea hata kikombe cha uji. Nataka ujue yaliyonipata mimi niliposhukuru kwa kisasi. Kisasi chenyewe sitakitukana, maana kuna siku ndicho kilichonifanya nifumbue mdomo nimeze.

Jina langu ni Sidi. Mimi ni wa kwanza kwetu. Mama alitangulia, na kabla mwaka haujaisha baba akafuata. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mdogo wangu Charo saba, na kitindamimba wetu Dama minne. Baada ya mazishi ya baba kulikuwa na shukrani ya familia, na mchungaji wa wakati huo akamtaja dada yake baba, Shangazi Jumwa, kuwa ndiye atakayetulea. Shangazi akasimama. Alivaa kitenge cha zambarau. Kanisa zima likampigia makofi, na mimi nikapiga pia, kwa nguvu, mpaka viganja vikawasha.

Jioni ile alikuja nyumbani akachukua masufuria ya mama, makubwa yote mawili, na karai. Alisema anakwenda kuyaosha vizuri. Hakurudi nayo, wala yeye hakurudi kutulea. Kila Jumapili tulikutana naye kanisani, akatushika vichwa mbele za watu na kusema, "Hawa ni wangu."

Nikaacha shule darasa la saba. Nikajifunza kukaanga mahamri kwa jirani, kisha nikaweka meza yangu pembeni ya barabara, mahamri na mbaazi za nazi kila asubuhi. Hivyo ndivyo Charo alivyofika kidato cha nne na Dama akasomea kazi ya hoteli. Ukilea watoto wakati wewe mwenyewe ni mtoto, unazoea kuwa mkono unaotoa. Unasahau kwamba mkono ule ule unaweza kupokea.

Uvimbe niliuona wakati wa joto kali, ile miezi shati linalowa jasho mara tu ukilivaa. Ulikuwa mdogo kama kokwa ya ukwaju, titi la kushoto. Nilinyamaza nao mpaka mvua ndefu zilipokaribia. Hilo ni kosa langu, na ukiwa nawe umenyamaza, funga karatasi hii uende hospitali, utakuja kuimalizia baadaye.

Sitakueleza habari za kitabibu, wenye kuzijua wapo. Nitakueleza benchi. Benchi la kliniki ni refu, la mbao, na katikati limezama kwa makalio ya walioketi kabla yako. Ukutani kuna televisheni isiyo na sauti. Unapewa kadi yenye namba, unaishika mpaka inalowa jasho. Mtu akiitwa, wote mnamtazama anavyoingia, kisha mnamtazama anavyotoka, na hakuna anayeuliza.

Kwenye benchi lile ndipo nilipokutana na Bi Rukia, mama wa Likoni, Mswahili wa Mombasa hasa, mzee kuliko mama yangu angekuwa leo. Siku ya kwanza alinitazama nilivyosimama ukutani, akapiga ubao kwa kiganja.

"Ndoo ukae hapa, mwanangu. Huo ukuta wasimama wenyewe, hauhitaji kushikiliwa."

Nikaketi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kulia au kushoto?"

"Kushoto."

"Mie kulia. Basi twaunda mtu mmoja mzima." Akacheka mpaka sista wa mapokezi akageuka.

Nilifanyiwa upasuaji mvua ilipokuwa imechachamaa. Nilipozinduka kifua kilikuwa kimefungwa bandeji, na ubavuni umetoka mrija unaoishia kwenye kichupa. Kichupa kile kilijaa maji mekundu, na Dama alikimwaga asubuhi na jioni, akaandika kiasi chake kwenye kikaratasi kama alivyoagizwa. Nilipogeuza uso ili nisione, alisema, "Leo yamepungua, dada," nami nikamwambia afunge pazia, jua linaniumiza.

Siku ya tatu Shangazi Jumwa akaja wodini. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na alikuja na wenzake wanne, wote wamevaa vitambaa vyeupe kichwani. Walizunguka kitanda. Nikajikaza nikasalimia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeshukuru?"

Nikadhani sijasikia vizuri. "Nimeshukuru nini, shangazi?"

"Mungu. Kwa ugonjwa huu. Tumeagizwa tushukuru katika mambo yote, siyo katika mahamri peke yake." Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. "Wewe tangu utoto una uso wa kununa, Sidi. Hujui kusema asante. Mungu hamgusi mtu aliyenuna. Jichunguze."

Dama alikuwa amesimama na beseni la maji. Akasema polepole, "Shangazi, dada anatakiwa kupumzika."

"Nawe umeshaota ndevu?" Shangazi akamuuliza. Wakaomba sala ndefu, wakaondoka. Hawakuacha hata chungwa.

Laiti angeishia hapo. Wiki ile, kwenye kikao cha akina mama, alisema kwamba chai ya kikao isinunuliwe tena mahamri ya kwangu, kwa kuwa unga ule unakandwa karibu na kidonda. Mimi nilikuwa bado nimelala hospitali, na unga alikuwa akiukanda Dama, aliyekuwa ameomba ruhusa kwenye hoteli ya Bamburi alikokuwa akifanya kazi ya kufua mashuka. Lakini neno likitoka kwa mwenyekiti linatembea. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mmoja alikuwa mwalimu niliyemuuzia mahamri miaka minane. Alipita akitazama simu.

Niliposikia habari ile, nililala nikitazama dari, nikahesabu misumari ya dari, na kitu kikaniingia kifuani pale palipokuwa na titi. Kilikuwa cha moto na kilinifaa. Nikasema: Bwana, niponye. Uniponye vizuri kabisa, nisimame na kipaza sauti, nishukuru kila aliyenigusa kwa wema mpaka kanisa zima liwe limesimama, na Jumwa awe ameketi katikati yao kama jino lililobaki peke yake. Yule anayesema sijui kushukuru. Nitamwonyesha shukrani.

Nilimwambia Bi Rukia. Wakati huo tulikuwa tumeanza dawa za kutundikiwa, ambazo sote tuliziita kemo. Zangu zilikuwa sita, moja kila baada ya wiki tatu, na zilinichukua miezi yote ya upepo wa baridi. Bi Rukia alinisikiliza akiwa amefumba macho, mrija mkononi.

"Wallahi, we mtoto una akili mbaya," alisema. "Hiyo ni shukrani au ni kibao?"

"Ni shukrani, bibi. Sitamtukana. Sitasema jina lake kabisa."

"Ndiyo kibao chenyewe hicho." Akafumbua jicho moja. "Na mimi utanitaja?"

"Nitakutaja. Lakini ni kanisa."

"Nitaje tu. Mungu hatouliza nimeingia kwa mlango gani."

Basi nikaanza kukusanya majina. Mchungaji alikuwa amenishauri kila siku nitafute mambo matatu ya kushukuru, hata madogo, niyaseme kwa sauti kabla sijala. Nilifanya hivyo kwa uaminifu, naapa. Nilimshukuru askari wa getini aliyeniletea kiti. Nilimshukuru mama aliyenipisha kwenye foleni ya maabara. Nilishukuru kwa kivuli, kwa limau la kunusa, kwa siku ambayo sikutapika. Kila jema nililolipata nililigeuza kuwa mtu mmoja zaidi wa kusimama. Watu wakaniambia nina uso mwema siku hizi, unang'aa. Sikuwaambia unang'aa kwa nini.

Kemo ya kwanza ilinipa ladha ya chuma mdomoni. Ya pili iliondoka na nywele. Zilitoka kwa mashada kwenye mto, na Dama akaleta wembe, akaketi nyuma yangu uani, akaninyoa taratibu huku akipiga mluzi. Nilimwambia aache mluzi, ananitia kichefuchefu. Akaacha. Ya tatu ilifanya kucha ziwe nyeusi na pua ikatae mafuta ya moto. Mimi, mtu wa karai, sikuweza kukaa nyumba moja na harufu ya mafuta. Dama akahamishia jiko nyuma ya nyumba, kwenye jua. Kufikia hapo hoteli ilikuwa imeshamwajiri mtu mwingine. Aliniambia habari hiyo akiwa anachuja nazi, na nikamjibu kwamba mahamri yake yana iliki nyingi mno.

Charo, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo Miritini, alikuja Jumapili moja moja na mfuko wa machungwa. Alisimama mlangoni. Hakuweza kunitazama kichwani, alitazama begani. Nilimpenda kwa machungwa yale. Niliwaambia wote waliokuja, "Haya ameleta Charo."

Siku ya kemo ya nne, nafasi ya Bi Rukia kwenye benchi ilikuwa tupu. Binti yake alikuja kurudisha kadi. Alinitambua kwa kushoto kwangu, akanishika mkono, akasema mama alimwambia anisalimie na anikumbushe nimtaje. Nikaketi pale kwenye mbao palipozama. Pembeni yangu hapakuwa na mtu.

Ya tano nilikataa kwenda. Nililala nikageukia ukuta. Dama aliponiletea uji nililirusha bakuli, na lilikuwa la bati, likampasua juu ya nyusi. Damu ikamshuka mpaka kwenye shavu. Alikwenda kunawa, akabandika plasta, akarudi. Alinifunga leso, akachuchumaa, akanivuta mikono ikapita mabegani mwake, akanibeba mgongoni kama mtoto kutoka nyumbani mpaka barabarani, mtaa mzima ukitazama. Nilikuwa mwepesi wakati ule, lakini si mwepesi kiasi hicho. Njiani niliona kivuli chetu ardhini, mnyama mmoja mwenye vichwa viwili, na nilichokifikiria ni Shangazi. Nilifikiri: nikifa leo, Jumwa atasimama kwenye mazishi yangu kama alivyosimama kwenye ya baba. Nikaenda nikatundikiwa dawa.

Mionzi ilikuja pamoja na mvua fupi. Ngozi ikaiva kama iliyomwagikiwa mafuta, na hiyo nayo ikapita. Embe zilipojaa barabarani, daktari akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu. Hakusema neno nililolitaka, lakini alitabasamu. Mchungaji akanipangia Jumapili.

Kuandika kwangu ni kwa taabu. Mwandiko wa darasa la saba, tena mkono wa kushoto umevimba tangu upasuaji, na ndio ninaoandikia. Kwa hiyo orodha aliiandika Dama. Tuliketi uani, yeye na kalamu, mimi nikitaja.

"Moja, Charo."

Akaandika.

"Mbili, Mama Furaha wa jirani, kwa uji. Tatu, kwaya, walikuja kuimba mara mbili. Nne, mzee wa duka aliyenipa limau."

Nilitaja kumi na watatu, wengi wao makundi mazima, mpaka kanisa lote likaenea. Wa kumi na tatu alikuwa Bi Rukia. Nilicheka nikipiga hesabu ya viti. "Safu yote ya akina mama itasimama, Dama. Nimewataja wote waliokuja na kipande cha sabuni, ili abaki yeye. Umeona ilivyokaa?"

"Nimeona," akasema Dama. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi. "Ni hao tu, dada?"

"Ni hao tu."

Akaandika kitu kimoja zaidi, akaikunja karatasi, akanipa.

Jumapili ile nilivaa gauni jipya la kijani, na ndani ya sidiria upande wa kushoto nimekunja kitambaa cha leso. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Kanisa lilijaa. Shangazi Jumwa aliketi safu ya mbele, kitenge kipya, mkoba mapajani, visigino vimerudishwa chini ya kiti kama mtu anayejiandaa kuinuka. Alijua atatajwa. Mimi ni damu ya kaka yake, na yeye ni mwenyekiti. Nani angeacha kumtaja?

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

Nikaanza. Charo akasimama karibu na nguzo, akainamisha kichwa. Watu wakapiga makofi. Kwaya ikasimama yote kwa pamoja. Mzee wa duka akasimama akicheka kwa haya. Nikawataja akina mama mmoja mmoja, nao wakainuka kulia kwa Shangazi na kushoto kwake, na kwa kila jina Shangazi alijisogeza kidogo kwenye kiti. Kulikuwa na jina moja nililokuwa nimeliruka, na kwa jina hilo nikaona namna ya kuufanya utamu uwe mkubwa zaidi. Nikapunguza sauti.

"Sasa kuna mama mmoja," nikasema, "ambaye kwangu ni ukoo."

Shangazi akashika mkoba, akainuka nusu. Magoti yake yalikuwa yameshanyooka kidogo. Nikasubiri, ili kila mtu aone.

"Mama Furaha," nikasema. "Jirani anayekuletea uji kila asubuhi ni ukoo."

Mama Furaha akasimama nyuma kabisa, anafuta macho. Shangazi akarudi kitini. Nilisikia kiti kikilia. Kuna mtu alikohoa kicheko. Ndugu yangu msomaji, sitakudanganya. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko maji ya kwanza baada ya upasuaji. Miaka ishirini na moja ya masufuria ya mama ilishuka kooni mwangu kama asali.

Nikamtaja Bi Rukia wa mwisho. Watu wakanong'ona kwa jina lile, na hakuna aliyesimama, kwa kuwa hayupo. Nikasema yeye amesimama mahali pengine. Kisha macho yakateremka kwenye karatasi, nione kama nimeruka jina. Chini ya Bi Rukia kulikuwa na namba kumi na nne, kwa mwandiko mzuri wa Dama. Mbele yake hapakuwa na kitu.

Nikadhani amekosea. Nikainua macho kumtafuta, nimuulize kwa uso. Kanisa zima lilikuwa limesimama, kama nilivyopanga. Katika safu ya mbele aliketi Shangazi Jumwa. Na kule mlangoni, kati ya ndoo za mahamri alizokuwa amezikaanga kwa ajili ya chai, aliketi Dama. Viganja vyake vilikuwa juu ya magoti. Kovu la juu ya nyusi lilionekana hata kwa umbali ule. Hakuwa amenuna. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama mtu aliyemaliza kusubiri.

Nilifungua mdomo. Mchungaji alikuwa ameshachukua kipaza sauti. "Wote mliosimama, inueni mikono," alisema, akaanza kuomba. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga. Nilisimama mbele na macho wazi, nikiwatazama wanawake wawili waliokaa.

Kwenye chai Dama aliwahudumia watu wote. Alimpa hata Shangazi, kwa mikono miwili, na Shangazi akala hamri lile aliloliita najisi, akalimaliza. Shangazi alipopita karibu yangu alisimama, akafuta vidole kwa leso.

"Shukrani nzuri, Sidi," alisema kwa sauti ya kunisikilizisha mimi peke yangu. "Nilidhani nimeachwa peke yangu. Kumbe tumeachwa mimi na aliyekuogesha."

Mtu niliyemlenga alilidaka jiwe langu, akanirudishia, na lilinipata.

Siku tatu Dama alisema nami maneno ya lazima tu. Maji yapo. Unga umekwisha. Siku ya nne nikamwendea uani. Alikuwa ameketi kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Uliandika namba, ungeniambia."

"Nikuambie nini, dada? Nitaje?" Hakuacha kukuna. "Nilikuuliza kama ni hao tu."

"Wewe ni wangu, Dama. Mtu hashukuru mkono wake mwenyewe."

"Shangazi naye anasema sisi ni wake."

Nazi ikaendelea kuanguka sahanini.

"Jumapili nitaomba kipaza sauti tena," nikasema. "Nitakutaja peke yako."

"Usinitaje. Sitasimama. Utakuwa unanitaja ili Shangazi asiwe na la kusema. Kila kitu mwaka huu kilikuwa cha Shangazi. Hata kupona kwako umempa yeye."

Sasa wewe uliye kwenye benchi, hili ndilo nililokuandikia. Kama una mtu wa kumchukia, na chuki hiyo inakushusha kitandani asubuhi, siwezi kukuambia uitupe. Mimi yangu sijaitupa. Shangazi Jumwa sijamsamehe, naomba nguvu za kumsamehe kama ninavyoomba mvua, bila kutazama mawinguni. Masufuria ya mama yako kwake. Lakini angalia macho yako yalipo unapomshukuru Mungu. Yangu yalikuwa yamekazwa kwenye kiti kimoja mwaka mzima, na aliyekuwa akinimwagia kichupa alikuwa upande wa pili. Kabla hujamtaja askari wa getini, mtazame aliyekushikia beseni. Na usingoje kanisa.

Sikujua la kufanya pale uani, basi nikafanya lile ninalolijua. Kwetu aliyeshukuriwa husimama. Dama alipoanza kuinuka aende kuchuja nazi, nikamshika bega.

"Kaa," nikasema. "Leo nasimama mimi."

Nikasimama mbele yake juani, mikono pembeni, kama mtoto wa shule. Nikaanza na kichupa. Asubuhi na jioni, nikasema, na kikaratasi ulichoandika. Nikasema beseni. Nikasema ulivyomjibu Shangazi wodini. Nikasema wembe, na mluzi niliokukataza. Nikasema hoteli ya Bamburi. Nikasema jiko ulilohamishia juani. Nikasema iliki, nikaishia hapo.

Dama alikuwa ameacha kukuna. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na nazi. Miguu yangu, ambayo tangu kemo haijarudi sawasawa, ikaanza kutetemeka.

"Nikae?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Aligusa kovu la juu ya nyusi kwa kifundo cha mkono.

"Bado," akasema. "Hujafika kwenye bakuli."